Buti la Kushoto

"Achia, kaka! Hilo ni langu."

"Dada, mimi ndiye nimeliona kwanza."

"Umeliona wapi, wakati mwenzake ninaye mkononi?"

Ni kweli. Noela alikuwa amekumbatia buti la kulia, na kijana aliyesimama upande wa pili wa rundo la mitumba alikuwa ameng'ang'ania la kushoto. Yalikuwa mabuti marefu ya ngozi ya kahawia, yanakaribia goti, yenye mikanda na vifungo vya shaba. Mtindo wa zamani, kama ya wapanda farasi kwenye picha. Soko zima la Ifakara siku hiyo halikuwa na jozi nyingine ya namna ile.

Siwema, mwenye mitumba yake, aliweka mikono kiunoni.

"Nyie, nauza jozi, siuzi mguu mmoja mmoja. Elewaneni!"

Noela akamgeukia kijana. "Wewe la nini? Hata halikuingii. Ona unyayo wako ulivyo."

Kijana akacheka. "Sivai. Mimi ni fundi viatu, naitwa Donati, kibanda changu kile pale. Nataka kuona limeshonwaje. Siku hizi hakuna anayeshona hivi."

"Mimi nataka kuvaa. Ni bibi shamba wa Mkula, nashinda kwenye majani."

"Si kuna mabuti ya mpira?"

Noela aliinama, akapandisha mguu wa suruali. Kwenye kigimbi cha kushoto palikuwa na kovu jeusi, pana kama kiganja.

"Nyoka, kifutu, aliniuma mwaka juzi, shambani kwetu Lupiro," alisema kwa sauti ya chini. "Mpira ukigusa hapa, ngozi inachubuka. Na nikiwa na viatu vifupi, majani yakichakacha tu, miguu inagoma. Bosi ameshasema nikishindwa kwenda kwa wakulima nitapelekwa kukaa na makaratasi wilayani. Mimi sikusomea makaratasi, kaka."

Donati alilitazama lile kovu. Kisha akamnyooshea buti.

"Chukua. Ila uzi umeoza, soli itakuachia kabla hujafika Mkula. Niachie nikushonee kwanza."

Aliyashona siku nne. Noela alipokuja kuyachukua, Donati alipiga goti mwenyewe kumfunga mikanda, akauliza kama inabana. Noela akasema haibani, kumbe ilikuwa inabana kidogo. Hakutaka ainuke mapema.

Mkula walimpokea kwa vicheko.

"Bibi shamba, farasi umemwacha wapi?"

"Anakula nyumbani!"

Lakini aliingia mashambani. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya mahindi ya mzee Kelestini, akakanyaga hatua moja, akakanyaga ya pili, akaenda mpaka mwisho wa mstari. Aliporudi barabarani mtu wa kwanza kumpigia simu hakuwa bosi. Alikuwa Donati.

"Nimeingia!"

"Umeingia wapi?"

"Kwenye mahindi! Mpaka mwisho!"

Donati alipiga kelele za furaha mpaka wateja wakamshangaa.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alipanda bodaboda kwenda Mkula. Wakati mwingine alikuja na kopo la mafuta ya ngozi, wakati mwingine na samaki. Mwezi wa tano akasema alichokuwa amekizunguka muda mrefu.

"Noela, nataka nije Lupiro kwa wazee wako."

"Una uhakika?"

"Mimi nina uhakika. Wewe je?"

"Nikirudi semina Morogoro tutapanga siku," Noela alijibu, akageuka pembeni kuficha tabasamu.

Semina ilikuwa ya wiki tatu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeanza kucheza, kwa hiyo alimwachia mabuti akatengeneze.

Wiki ya kwanza akapiga simu.

"Mabuti yangu yamekuwa tayari?"

"Bado, mpenzi. Mvua hizi, gundi haikauki."

Wiki ya pili akapiga tena.

"Vipi gundi?"

"Gundi tayari. Sasa uzi ndiyo umeniishia, nimeagiza."

Wiki ya tatu semina iliisha siku mbili mapema. Noela alishuka stendi ya Ifakara na begi lake, akaenda kibandani bila kumwambia. Alitaka kumfurahisha.

Buti la kushoto lilikuwa mezani. Lilikuwa limepasuliwa toka juu hadi chini, limetandazwa kama samaki wa kukaushwa, vipande vyake vimechorwa kwenye maboksi yaliyofunguliwa.

"Donati, hiki nini?"

Donati aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Noela! Umerudi lini?"

"Nimekuuliza, hiki nini?"

"Kuna msimamizi wa mashamba ya miti kule Uchindile. Anataka mabuti marefu kama haya kwa watu wake wanaofyeka. Ilibidi nione ndani yalivyokatwa. Nilijua nitalirudishia kabla hujaja. Kumbe ngozi ya zamani ukishaifumua, matundu hayashiki tena."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Lilikuwa langu! Lakini sililii buti, Donati. Wiki mbili nzima nakuuliza, unaniambia gundi, unaniambia uzi. Na sauti yako ilikuwa ileile unayoniambia nayo kwamba unanipenda. Sasa nitajuaje ipi ni ipi?"

Noela akachukua buti la kulia, akaondoka.

Jioni simu ikaita mara sita. Kisha ujumbe: "Nimekosa. Naomba unisikilize."

Akajibu neno moja: "Usinitafute."

Na Donati hakumtafuta. Wiki tatu kimya.

Noela alikaa ofisini Mkula akijaza fomu zilizokwisha kujazwa. Mzee Kelestini akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Viwavi vinanimaliza. Unakuja lini?"

"Nakuja, baba. Kesho."

Kesho ikafika. Alivaa raba, akatembea mpaka mwanzo wa shamba, majani yakachakacha, akarudi. Alilia njia nzima, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe zaidi kuliko juu ya Donati.

Kesho yake asubuhi bodaboda ilisimama mbele ya ofisi. Donati akashuka. Alikuwa amekonda, na vidole vyake viwili vimefungwa kitambaa.

"Uliniambia nisikutafute," alisema akiwa bado nje. "Nikikupa hili nitaondoka."

Alitoa buti kwenye mfuko. La kushoto, jipya, ngozi nyeusi zaidi kuliko ya mwenzake, mshono umekaa sawa.

"Rangi haifanani," Noela alisema.

"Haifanani. Ningeweza kulipaka lifanane, ila nimeona liwe lilivyo. Hili ni la tatu. La kwanza lilipinda, la pili lilikuwa fupi."

"Na yule mtu wa Uchindile?"

"Nilimwambia kilichotokea, kwamba nilijifunzia buti la mtu bila ruhusa. Akasema atasubiri. Mimi nikamwambia kwanza namaliza la mwenyewe."

Noela alilipokea buti, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nikuulize kitu. Siku ile nisingerudi mapema, nikakupigia mara ya tatu, ungesema nini?"

Donati aliangalia chini. Jibu zuri lilikuwepo, na Noela aliliona likimjia. Kisha akainua uso.

"Ningedanganya tena. Nilikuwa naogopa kukupoteza, na kila uongo ulinifanya niogope zaidi."

Noela alitoa buti la kulia chini ya meza. Akakaa kwenye benchi, akalivaa, kisha akanyoosha mguu wa kushoto.

"Nifunge."

Donati alipiga goti. Alimfunga mkanda mmoja mmoja.

"Linabana?"

"Linabana. Hapa, juu ya kovu."

"Nitalilegeza. Nipe dakika kumi."

Zilikuwa nusu saa. Noela alisimama, akazunguka ofisi nzima, mguu mmoja kahawia, mmoja karibu mweusi. Halafu akachukua daftari lake.

"Twende. Mzee Kelestini ananisubiri."

"Na mimi?"

"Si unashona mabuti ya mashambani? Njoo uone mashamba."

Waliingia kwenye mahindi, Noela mbele, Donati nyuma na kandambili zake akikanyaga kwa woga kila majani yakitikisika. Walikagua mistari yote. Walipotoka, Noela alipiga simu Lupiro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Natoka shambani. Mama, Jumamosi nakuja na mgeni."

"Mgeni wa namna gani?"

"Wa namna hiyo hiyo unayoifikiria."

Mama akacheka pole pole.

"Mwambie ajiandae. Baba yako atamuuliza maswali mpaka jua lizame."

Noela alimwangalia Donati, aliyekuwa ameinama akitoa miiba kwenye nyayo zake.

"Amuulize tu, mama. Atajibu."