Mama Amevaa Viatu

Zamani fundi alishona sokoni. Kibanda chake kilipobomolewa, alileta cherehani nyumbani, akaiweka karibu na dirisha la chumba cha kulala. Alifurahi. Alisema atashona huku akiwaona wanawe na chungu chake.

Furaha hiyo haikukaa. Mtu akishona sokoni, watu husema anafanya kazi. Akishona nyumbani, husema amekaa tu.

Asubuhi moja alitandaza kitambaa cha mwalimu kitandani ili akikate. Marehemu mama wa mwalimu alikiweka sandukuni miaka mingi, akafa bila kukivaa. Mwalimu alitaka gauni moja tu.

Fundi alikata kipande cha mbele, cha kushoto. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni.

"Mke wa mwanangu, si umekaa tu? Nitilie chai."

Alimtilia. Aliposhika tena mkasi, mpangaji mwenzake akabisha hodi. "Niangalizie mtoto, nafika dukani mara moja." Mtoto akalia. Chungu kikaungua. Simu ikaita. Alikuwa dada yake, na dada huyo akianza umbea hana breki. Fundi alibana simu begani, akakata kipande cha pili.

Alipovilinganisha, aliona kosa. Vyote viwili vilikuwa vya kushoto. Kitambaa kilikuwa na maua upande mmoja tu, hakikuweza kugeuzwa. Kilichobaki hakikutosha.

Mwalimu alipokuja hakugomba. Afadhali angegomba. Alivikunja vipande taratibu, akavifunga. "Mama aliniachia hiki tu," alisema, akaondoka.

Fundi alifunika cherehani kwa shuka. 

"Tafuta mtu aichukue," alimwambia mumewe. "Mimi si fundi tena."

"Haya, kama umeamua," mume alijibu. Jibu hilo lilimuumiza sana. Alitamani abishiwe.

Msusi wa nyumba ya pili, ambaye husukia watu nyumbani kwake, alikuja kuchukua blauzi. Akaiona shuka.

"Kuna msiba humu?"

"Upo. Nimeiua kazi yangu mwenyewe." Akamsimulia yote.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, shoga."

"Koleo ningenunua nyingine. Kitambaa cha marehemu nitakipata wapi?"

 Msusi akanyoosha miguu. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Hivi mimi huvivaa ndani, nikisuka. Wanangu wakiviona wanajua mama yuko kazini. Nikivivua, nimerudi. Mwanzo walinicheka mpaka wakachoka. Ufundi unao, shoga. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na wewe ulishika tano."

"Sasa nifanyeje?"

"Ongea na watu wako. Waambie asubuhi ni ya kazi, mchana ni wa nyumba. Pika mapema. Simu iache chumba kingine. Kukata kufanye asubuhi, akili ikiwa haijachoka. Vifungo shona hata watoto wakiwepo. Na upumzike, usijifungie kutwa."

Jioni fundi aliongea nao.

"Kwa hiyo nife na kiu?" aliuliza mama mkwe.

"Chai itakuwa kwenye chupa, mama, hapo karibu na kiti chako."

Mama mkwe alinuna. Mume alikubali kuwaangalia watoto asubuhi, kabla ya kwenda kazini mchana. Kesho yake fundi alivaa viatu, akafunga mlango. Alilia humo ndani. Alishona pindo na vifungo tu, kwa kuwa kila aliposhika mkasi aliuweka chini tena. Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha akakata sare ya mtoto, ikatoka sawa. Akakata nyingine. Wateja wakaanza kurudi, lakini mwalimu hakuonekana.

Asubuhi moja mtu alibisha hodi. Fundi alimsikia mama mkwe akijibu, "Fundi yuko kazini. Keti, atatoka saa sita."

Saa sita fundi alivua viatu, akatoka. Mwalimu alikuwa ameketi, furushi la vile vipande likiwa mapajani. Mama mkwe alikuwa amemtilia chai ya kwenye chupa.

"Gauni najua halitoki," mwalimu alisema. "Hata kitambaa cha kichwa?"

Fundi alilipokea furushi kwa mikono miwili. 

"Kitatoka. Lakini sikati sasa hivi, mwalimu. Nitakata kesho asubuhi, nikiwa nimevaa viatu."