Mtego wa Prosesa za Pembeni

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma yake.

Kisha komeo likasukumwa kwa nje.

Joanitha hakuukimbilia mlango. Alitazama kwanza yuko ndani na nini. Chumba hakikuwa na dirisha hata la kupitisha panya. Kompyuta kuu ilisimama katikati, nyeusi, ndefu kuliko mtu, ikinguruma. Viyoyozi vilipuliza baridi ya kuingia mifupani, ingawa nje, hapo Bangwe, jua la mchana lilikuwa linachoma kweli kweli. Ukutani ilisimama mitungi myekundu ya gesi ya kuzimia moto. Simu yake ya Samsung haikushika mtandao. Redio yake ya Motorola, ndogo ya kufichwa kiganjani, ilikoroma tu.

Amenaswa. Tena kizembe, na hilo ndilo lililomuuma.

Spika iliyokuwa juu ya mlango ikakohoa.

"Usijisumbue na hilo komeo, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya Herman, mkuu wa kituo, mzee wa suti na tabasamu. Asubuhi ile Joanitha alikuwa amemwamkia shikamoo, akanyweshwa chai ya tangawizi, akaaminiwa kuwa ni fundi wa kampuni inayoihudumia mashine. Aliaminiwa mpaka alipofungua mkoba wa vifaa chini ya kamera, na bastola ya Glock ikachungulia katikati ya bisibisi. Kosa la mwanafunzi! Yeye, jasusi wa Idara, mwenye jina la siri Kuhe, kama samaki wa ziwani, ambaye wakubwa wake humtuma pale ambapo wengine wameshindwa.

Kwa sababu ya hiyo Glock, Herman hakuthubutu kufungua aingie. Na kwa sababu ya komeo, Joanitha hakuweza kutoka.

Sasa sikiliza kilichompeleka pale.

Kuna mwanamke anaitwa Vénérande. Alikimbia Burundi akiwa msichana, akakulia kambini, akaja kuuza samaki ufukweni. Siku moja alimwona mfanyamagendo wa dhahabu, Elia, akiwapiga risasi maofisa wawili wa forodha waliomfumania na mzigo. Vénérande alikimbia akaangusha simu yake. Joanitha ndiye aliyemficha. Alimpa jina jipya, Rozalia, na kitambulisho chake, akampeleka sokoni Katonga, akamwahidi kwa kinywa chake kwamba Elia hatampata. Hakuna mwingine aliyejua Rozalia ni nani. Hata Mzee Wilfred, bosi wake kule Dar es Salaam, hakutaka kuambiwa.

Lakini jina unaweza kubadili, kidole huwezi.

Elia aliiokota ile simu. Kwenye kioo chake kulikuwa na alama ya kidole gumba. Na kompyuta kuu ya Bangwe ilihifadhi alama za vidole za watu wa magharibi yote: wa zahanati, wa mgao wa chakula kambini, wa vitambulisho. Wakati wowote gumba lile lingekutana na mwenzake, na skrini ingeandika: Rozalia, muuza samaki, Katonga.

Wilfred alikuwa amenusa kwamba kuna mtu wa ndani aliyenunuliwa. Amri yake ilikuwa fupi.

"Kuhe, zama."

Akazama. Na hapo alipozama ndipo alipofungiwa.

Alivuta laptopu ya mafundi iliyokuwa imefungwa ubavuni mwa mashine, akaiwasha. Kabla Idara haijamchukua alikuwa mhandisi wa mashine kama hizi katika benki, na alizijua tabia zake. Alichokiona kilimfanya apige mluzi mdogo.

Kompyuta kuu ina prosesa zake kuu, ndizo zinazofanya kazi zote za heshima. Wenye mashine hulipia kwa mita jinsi prosesa hizo zinavyotumika, na bili yake inatoa jasho. Ndiyo maana pembeni huwekwa prosesa nyingine, za kazi maalumu, ambazo hazina mita. Kazi nzito husukumwa huko. Ni kama mama mwenye shughuli anavyowaachia majirani kumenya vitunguu, yeye akabaki na sufuria. Kila mwaka Herman alisifiwa makao makuu Dodoma kwa kusukuma kazi pembeni kuliko wakuu wote wa vituo. Na kwa kuwa pembeni hakuna bili, hakuna aliyekwenda kutazama huko kunapikwa nini.

Ripoti ya kituo ilisema prosesa za pembeni zimepumzika. Laptopu ilionyesha zinachemka.

Huko ndiko gumba la Vénérande lilikokuwa linasakwa.

"Unaona eh?" Herman aliuliza kwenye spika. "Kazi inakaribia kwisha. Sasa tusaidiane. Nitajie jina analotumia na mahali alipo. Nikilipata kwako sina haja na mashine. Nafungua, unakwenda zako."

"Mzee, ukilipata kwangu hutakuwa na haja na mimi pia."

Herman alicheka kidogo, kisha akaeleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni ratiba ya meli. Kitufe cha gesi kilikuwa huku nje, mezani kwake. Akikibonyeza, mitungi itafunguka na hewa ya kuvuta itakwisha mle ndani. Dodoma wataambiwa ni ajali ya fundi. Tatizo lilikuwa moja tu: kitufe hicho hukata na umeme wa mashine, na kazi ingepotea yote. Kwa hiyo angesubiri iishe.

Joanitha akaelewa alivyofungwa. Kazi ikiendelea, yeye anapumua. Kazi ikiisha, anakufa, na Vénérande anamfuata. Na akizima mashine yote kwa mkono wake, Herman hatakuwa na cha kusubiri tena. Angebonyeza, amzike, kesho aianze kazi upya.

Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa kweli. Akilini alimwona Vénérande amechuchumaa nyuma ya sinia lake la migebuka, akigeuka kila mwanamume akipita. Mwanamke yule alikuwa anaishi hivi kila siku. Kafungiwa sokoni peupe, hana hata mlango wa kugonga.

Joanitha alijaribu kuifuta kazi yenyewe. Mashine ikamkatalia: fundi haruhusiwi kugusa kazi za watu. Ruhusa aliyokuwa nayo ilikuwa ya vyuma tu. Angeweza kuiondoa prosesa kazini kwa ajili ya matengenezo, basi.

Akaikodolea macho ile ruhusa.

Basi?

Prosesa za pembeni zikiondolewa zote, kazi yake haifi. Mashine huirudisha kwenye prosesa kuu, kwenye mita, mbele za watu. Akaangalia cheo cha kazi ya Herman, akakuta mzee kaipa cheo cha juu kuliko zote. Bila shaka aliona kule pembeni haimbani mtu, kwa nini isikimbie? Lakini kazi yenye cheo kile ikirudi kati, itazikanyaga kazi za wengine wote. Laiti mzee angekuwa na tamaa ndogo zaidi, angepona.

Joanitha akaiondoa prosesa ya kwanza.

Akasubiri. Spika ilikuwa wazi, maana Herman alitaka kusikia kila anachofanya. Naye alisikia kila kinachofanyika kule. Akasikia kiti kikilia, na sauti ya pili, ya chini, ikiuliza mbona mstari wa kazi kwenye skrini unakwenda taratibu. Sauti ile hakuwahi kuisikia, lakini Vénérande aliwahi kumwigizia. Elia alikuwa upande wa pili wa mlango.

Akaondoa ya pili. Akaondoa zote.

Mngurumo wa mashine ukabadilika. Kwenye laptopu, prosesa kuu zikapanda mpaka juu, zikaganda hapo. Kule zahanati ya Mwandiga muuguzi alikuwa anabofya jina la mgonjwa na halifunguki. Kule kambini foleni ya mgao ilisimama. Joanitha aliwaomba radhi kimoyomoyo, mmoja mmoja.

"Unafanya nini humo?" Herman alifoka.

Joanitha alilala kifudifudi nyuma ya mashine, Glock mkononi, akahesabu pumzi zake. Mzee angeweza kubonyeza sasa. Kwa hasira tu, angeweza.

Simu ya mezani ikalia kule nje. Haikunyamaza. Herman akaipokea kwa sauti ya wote kusikia, maana Elia alimwamuru.

"Shikamoo, Mzee Herman. Ni Christina, zamu ya Dodoma."

"Marahaba, mama."

"Kuna kazi ya jina lako imekula mashine nzima. Vituo vyote vya magharibi vimeganda."

"Iache, mama. Inaisha sasa hivi."

"Siwezi, Mzee. Mita inapanda, na kesho nitakayeulizwa ni mimi. Naiua."

Herman alimbembeleza. Alimwita mama, akamwita binti, akataja cheo chake, akataja miaka aliyobakiza kustaafu. Ilikuwa aibu kumsikiliza mtu mzima anavyojishusha. Christina alimwacha amalize. Hakujua kuna Vénérande duniani, wala Elia, wala mwanamke aliyelala sakafuni Bangwe. Alichokijua ni bili.

"Imeshakufa, Mzee. Pole na kazi."

Simu ikakatwa.

Joanitha akajaza mapafu hewa, macho kwenye mitungi myekundu. Huu ndio wakati wa Herman kubonyeza. Akamkumbuka mama yake, Bukoba, akaona haya kwamba hajampigia.

Gesi haikuja.

"Imekufa maana yake nini?" Elia aliuliza polepole.

"Tutaianza tena. Usiku. Nipe mpaka usiku."

"Uliniambia hakuna anayeona. Sasa Dodoma wanajua jina lako. Wakikubana, utanitaja."

Kulikuwa na mlio mdogo wa chuma, ule wa bastola inapoandaliwa, ambao ukishausikia mara moja huusahau. Kisha kiti kikaanguka. Elia alikuwa amesimama upande wa mlango wa kutokea. Kwa hiyo Herman hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa mahali pamoja: chumba cha mashine.

Komeo likavutwa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, na mkuu wa kituo akajitupa ndani kwa magoti, tai imemkalia begani. Risasi ya Elia ikapita juu yake ikatoboa kiyoyozi. Elia akatokea mlangoni, akimtafuta mzee sakafuni.

Hakutazama nyuma ya mashine.

Joanitha alifyatua mara moja. Bega la Elia likarudi nyuma, bastola ikamtoka mkononi. Joanitha akaipiga teke mbali, akamlaza chini, akamfunga pingu kutoka mkobani. Alimkandamiza jeraha kwa shati la Elia mwenyewe, barabara, maana alimtaka hai. Mfukoni mwake alikuta ile simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya mfuko wa nailoni.

Herman alikuwa analia. Aliapa kwamba alilazimishwa, kwamba ana wajukuu. Joanitha alizirudisha kazini prosesa za pembeni ili wagonjwa wa Mwandiga wasiendelee kuteseka, akauchukua mkoba wake, akatoka.

Akasukuma komeo kwa nje.

Simu ilishika mtandao pale pale, akampigia Wilfred.

"Kuhe hapa. Wawili wako ndani, mmoja anahitaji daktari."

"Jina limetoka?" Wilfred aliuliza.

"Halijatoka."

Alingoja askari na gari la wagonjwa wafike, akawakabidhi, akaingia kwenye Land Cruiser.

Katonga jua lilikuwa limeanza kupungua makali na dagaa wameanikwa mchangani. Vénérande alimwona kutoka mbali na uso ukamsawijika, maana Joanitha haji bure. Alimsalimu kwa Kirundi, "Mwiriwe," bila kuacha kupanga migebuka yake. Joanitha alichuchumaa upande wa pili wa sinia na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba Elia amekamatwa.

Mikono ya Vénérande ikasimama.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemfunga kwa mikono yangu."

"Bado anapumua?"

"Anapumua. Atapelekwa mahakamani. Kama hutaki kusimama mbele yake, nitakuhamisha leo leo, hakuna atakayekulaumu."

Vénérande alikaa chini mchangani, miguu mbele, kama mtu aliyetua mzigo wa kutwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Wateja walisimama, wakaona, wakapita. Alipoinua uso, alikuwa anamtazama Joanitha machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Vizuri kwamba anapumua," alisema. "Nataka anisikie."

Joanitha aliitikia kwa kichwa, akainuka, akapangusa mchanga magotini. Alinunua migebuka miwili, akalipa kama mteja yeyote, akapanda taratibu kwenda garini.