Askari wa Stoo

Haya yamempata shoga yangu, niliyejifungua naye wiki moja, nami naandika nimempakata wangu, siwezi kumweka chini. Mumewe husubu viaskari vya risasi vya enzi za kale, yaani huyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu: wenye ngao mbele, wapiga mishale nyuma yao. Mtoto alipozaliwa aliapa kwamba hatayeyusha tena risasi nyumbani, maana moshi wake ni sumu.

Jana mchana shoga akaingia stoo kuchukua beseni. Stoo, lilimo jiko lake la kuyeyushia, haina dirisha. Gizani akasikia ti, ti, ti, kama chuma kinachopoa, na joto likampiga usoni.

"Kumbe unanichezea shere! Kwa mwanao mwenyewe?"

Mume akaja mbio na tochi. "Mama watoto, jiko sijaligusa. Weka mkono."

Jiko lilikuwa baridi, limejaa utando wa buibui. Akamulika rafu ya viaskari. Wenye ngao walikuwa wamejitenga huku na huku, wameacha njia, na mishale yote ilielekea kitoto kichanga cha risasi.

"Mimi kalibu ya mtoto sina," mume akanong'ona, analia. Shoga hamwamini hadi sasa.

Kitoto kilikuwa bado cha moto, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole sita, kama wa mwanawe.