Kola Ndefu ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa na mtindo wake: pini zote alizibana midomoni. Ukimsemesha, alikujibu kwa kuguna, mikono ikiendelea na kazi. Ila mwaka huo alizua jipya. Kila shati lake alilitia kola ndefu ya kufika sikioni. Wateja wakamtania kuwa siku hizi amekuwa bwana mkubwa, naye akacheka. Kumbe mwenzao alikuwa anaficha uvimbe chini ya sikio, mgumu kama kokwa.

Mkewe alijua, na roho yake ilikuwa juu. Alikuwa amemsihi aende hospitali mpaka akachoka.

Siku moja muuguzi mmoja alikuja kujaribu gauni lake la kazi. Fundi alipoinama kushika pindo, kola ikafunuka.

"Fundi, uvimbe huu una muda gani?"

Akatema pini mkononi. "Miaka miwili. Lakini hauumi, dada."

"Kutouma kwake kusikudanganye. Hapo kuna tezi ya mate. Uvimbe wake mara nyingi si saratani, lakini mwingine ni saratani, na mwingine hugeuka ukiachwa. Watakupiga picha, watachukua chembe kwa sindano nyembamba, ndipo wajue."

Fundi akazigeuzageuza pini kiganjani. Kisha akatoa lililomkaa rohoni.

"Nasikia wakikupasua hapo, mdomo unapinda. Nitashonaje mimi?"

Muuguzi hakumficha. Mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita ndani ya tezi hiyo. Daktari huulinda, lakini uso unaweza kulegea, mara nyingi kwa wiki au miezi, mara chache moja kwa moja. Sikio linaweza kufa ganzi, na shavu likatoka jasho mtu akila. Akamwambia amuulize daktari hayo yote kabla ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji. Ila uvimbe ukizidi kukua, upasuaji nao unazidi kuwa mgumu.

Mkewe, aliyekuwa akinyoosha nguo pembeni, akaweka pasi chini. "Baba watoto, mdomo ukipinda tutaishi nao. Wewe ukiondoka, nitaishi na nani?"

Fundi akaenda. Vipimo havikuonyesha saratani, na uvimbe ukatolewa. Alipozinduka, pembe ya mdomo ilikuwa imelegea. Chai ikamchuruzika kidevuni, akalia mbele ya mkewe bila kujificha. Daktari akasema mshipa haukukatwa, umechoka tu, akamfundisha mazoezi ya uso. Mkewe akamshonea kimto cha kuchomekea pini, akamfungia mkononi.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, fundi alijaribu kubana pini moja midomoni. Haikuanguka. Akamwonyesha mkewe, machozi yakimlengalenga, kisha akairudisha kimtoni. Akavua shati, akachukua mkasi, akaikata ile kola.