Mkono Uliolinda Mdomo wa Mihayo

Tonge lilikuwa karibu kabisa na mdomo pale mkono wa chuma uliposhuka kutoka darini na kumchapa Mihayo kwenye kifundo cha mkono. Ugali ukaruka ukanata ukutani. Mihayo akaupiga ule mkono ngumi, nao ukamrudishia kibao kilichomlaza chini pamoja na kiti chake.

"Wanga umezidi," ilisema sauti tulivu kutoka ndani ya mkono. "Kuna samaki na mchicha."

"Kula mwenyewe, shetani wewe," alijibu Mihayo akiwa sakafuni.

Huo ndio mkono-mlinzi, na aliyeuunda ni mkewe, Nyamizi, mhandisi wa roboti za migodini ambaye Tabora nzima ya wakati huo ilijivunia. Kisukari kilikuwa kimeshamla Mihayo vidole viwili vya mguu, naye Nyamizi aliapa kwamba hakitapata cha tatu. Alimpandikiza mumewe kipima-damu begani, kikawa kinaupasha mkono habari za sukari saa zote.

Mwanzoni mkono ulikuwa na adabu. Sukari ikishuka mno ulijiweka pembeni, mgonjwa apewe kitu kitamu. Lakini Mihayo, mjanja wa kupindukia, aligundua kwamba akikibana kipima-damu kwenye fremu ya mlango, kinadanganyika na kusema sukari imeshuka. Akala viazi vitamu wiki nzima, bega mlangoni. Nyamizi alipombaini alipandwa na hasira, akaifuta ile ruhusa ya kujiweka pembeni. Kisha akamfikiria mama mkwe wake, Bi Kalunde, ambaye kwake sahani isiyo na ugali ni sawa na kumnyima mtu chakula, akauamuru mkono usisikilize maombi ya binadamu yeyote. Hata yake mwenyewe, maana aliijua huruma yake. Swichi ya kuuzima akaificha juu ya dari, mahali pasipofikika bila ngazi.

Jumapili mchana Mihayo alijichoma insulini, akaonja mchicha, akaisukuma sahani kwa kisirani. Baada ya muda akaanza kutetemeka na kulowa jasho. Alitamka maneno yasiyoeleweka, akaporomoka. Safari hii bega lake halikuwa limegusa kitu.

Nyamizi alichota asali kwa kijiko na kupiga magoti.

"Kaa pembeni," aliuambia mkono. "Imeshuka kweli. Atakufa."

Mkono ukamkamata kiganja na kukipinda mpaka mfupa ukalia. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Ukamtupa kwenye kabati, damu ikambubujika puani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu alijua vizuri jinsi alivyoukaza usimsikilize mtu.

Bi Kalunde aliingia kutoka uani na mchi wa kinu.

"Toka hapo, mwanangu."

Akautwanga mkono kwenye kiwiko. Nao ukampiga kifuani, akadondoka, akainuka, akatema jino, akautwanga tena na tena mpaka cheche zikaruka na chuma kikaning'inia.

Nyamizi akatambaa hadi kwa mumewe, asali kidoleni. Macho ya Mihayo yalikuwa nusu wazi. Alipoisikia ile harufu tamu akabana midomo na kuufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Sili," alinong'ona. "Sili, mke wangu. Msinipige."

"Ni mimi. Fungua mdomo, baba."

Hakufungua. Bi Kalunde ilimbidi amkandamize mikono huku akilia, na Nyamizi akapenyeza kidole kati ya shavu na meno. Mihayo akakiuma mpaka kwenye mfupa. Nyamizi hakukitoa. Alimpaka asali ufizini, ikichanganyika na damu yake, mpaka taya likalegea na kutetemeka kukapungua.

Baadaye Mihayo alifumbua macho, akamwona mkewe ameinama juu yake, uso umejaa damu. Akajivuta kinyumenyume hadi ukutani.

"Nimekula nini?" aliuliza, mkono wake ukiwa tayari umeukinga uso. "Haki ya Mungu, Nyamizi, sikuomba."