Ahadi Mbele ya Kiti Kitupu

Kiti kilikuwa cha moto. Si moto wa jua, maana kilisimama katikati ya ukumbi, mbali na madirisha. Ni ule moto wa kiti alichokuwa amekikalia mtu akainuka sasa hivi, tena mtu mwenye mwili wake. Bi Jukwaa akakipapasa mara ya pili, akajifuta kiganja kwenye gauni.

Angejua, angekimbia na gauni hilo hilo. Lakini twende taratibu, wapo walioisimulia habari hii mbiombio wakaiharibu.

Bi Jukwaa alikuwa na shule binafsi ya sanaa, uimbaji na maigizo, katika jengo alilopanga ndani ya eneo la chuo cha umma. Mkataba wa pango uliongezwa mwaka kwa mwaka, kwa kubembeleza. Safari hii meneja wa majengo wa chuo alishamwambia kavukavu: "Mama, anza kutafuta pengine. Sisi tunataka maabara." Vioo vya ukutani, sakafu ya mbao aliyoitandika kwa jasho lake, jina lake mjini, vyote vilikuwa vinakwenda na maji.

Sasa watu wa maigizo wana tabia yao. Ukitaka kumkabili mtu, kwanza unaweka kiti kitupu, unajifanya amekaa, unamwaga yote. Ndivyo alivyofanya mchana ule, wanafunzi walipokwenda kula. Na kwa kuwa alikuwa mwigizaji hasa, si wa kubahatisha, alipiga magoti na machozi yakatoka ya kweli.

"Niache hapa," akakiambia kiti. "Naapa, mimi na wanangu hatutaondoka humu maisha. Wewe tulinde tu, asitutoe mtu."

Wanangu, ndivyo alivyowaita wote, wa tumboni na wa darasani. Kiti kikalia kwaa, kama mtu aliyejiweka sawa ili asikie vizuri. Ndipo akainuka kukigusa. Mtu akila kiapo mbele ya kiti kitupu, ahakikishe kwanza kwamba ni kitupu.

Kesho yake meneja alikuja na mafundi kupima vyumba. Alifungua mdomo mlangoni, sauti haikutoka. Akatazama nyuma ya bega la Bi Jukwaa, akashika koo, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye gari. Jioni akapiga simu, anaongea kama amemeza mchanga.

"Kaeni. Kaeni mpendavyo. Ila mwambie yule baba asinitazame tena."

"Baba gani?"

Simu ilishakatwa. Bi Jukwaa alicheka, akainunulia shule nzima soda. Soda zenyewe hawakuwahi kuzimaliza.

Binti yake wa pekee, mwimbaji, ndiye aliyetangulia kutoka kwenda nyumbani. Alivuka kizingiti, pumzi ikamkata, akaanguka huku macho yamegeuka. Wakamvuta ndani, pumzi ikarudi. Akajaribu mwanafunzi mwingine, hali ikawa ile ile, na wa tatu hakujaribu. Ikawa wamekaa sakafuni wameshikana mikono, wazazi wanalia madirishani, na humo ndani ikapanda harufu ya vumbi lililonyeshewa ilhali nje kumekauka, na juu ya dari, katika jengo lisilo na ghorofa, nyayo zikaanza kutembea polepole, zikisimama juu ya kichwa cha kila mmoja na kusogea kwa mwenzake, kama mwenye nyumba anayehesabu vilivyo vyake.

Mzazi mmoja alileta mganga. Mganga akavua viatu mlangoni, akanusa, akavivaa tena.

"Nimfukuze kwa lipi?" akasema chini chini. "Huyu hakuwavamia. Ameombwa ulinzi, ameutoa, sasa anashikilia kiapo. Nani aliapa?"

"Mimi," Bi Jukwaa akajibu.

"Basi umeshajua." Wala hakuaga.

Bi Jukwaa akapiga magoti. Safari hii hayakuwa maigizo.

"Mama, usiseme," binti akanong'ona.

"Nyamaza, mwanangu."

"Mama, nakuomba."

"Kiapo nilikula mimi," akaiambia dari. "Hawa hawakufungua mdomo. Waachie. Mimi nitabaki."

Nyayo zikasimama. Mlango ukafunguka wenyewe hadi ukagonga ukuta, na wanafunzi wakatoka mbio, viatu wakaviacha. Binti alibaki akimng'ang'ania mama yake hadi mama akamsukuma mgongoni kwa viganja viwili. "Nenda. Usigeuke, nitashindwa."

Maabara haikujengwa. Kila mchana binti hupeleka chakula, mlango hufunguka kidogo, mkono wa mama ukatoka kupokea sahani.

"Hujambo huko ndani?"

"Sijambo. Nimepata pango la maisha. Chuo kizima nani mwingine anaweza kujisifu hivyo?" Na hucheka, ingawa kila siku kicheko kinatokea mbali zaidi.

Juzi mkono ulitoka umekonda, unatetemeka, mchuzi ukataka kumwagika. Ndipo ukatoka mkono wa pili, mrefu, wenye vidole vyenye pingili nyingi kuliko alizoumbiwa mtu, ukaikinga sahani kwa chini, taratibu, kwa upole kama wa mkwe.

"Mama," binti akanong'ona, "huyo nani?"

"Usiulize. Mwamkie."

Binti akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti nzito kutoka gizani, na harufu ya vumbi bichi ikamjaa puani.

Kesho yake alileta sahani mbili.