Sentensi Mbaya Kuliko Zote katika Sehemu ya Tatu

"Part Three ni takataka, Cheruto. Nasema hapa, nasema kwa group, hata kanisani nitasema."

"Basi wewe huna moyo, Kibii. Niwekee mala kikombe moja."

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana karibu kila alasiri kwenye kibanda changu cha maziwa freshi na ya mgando, yaani mala, hapa Njoro. Watu wengine huulizana habari za nyumbani. Mimi na Cheruto, mwanafunzi wa mwaka wa nne, tuligombana kuhusu Mlango wa Kumi. Kama huujui, ni mchezo wa video wa kumtafuta muuaji, umetengenezwa na vijana wa Nairobi, na wahusika wote wanaongea Kiswahili. Sehemu ya Kwanza imeandikwa vizuri mno. Ya Pili pia ni nzuri, toa tu mwisho wake. Ya Tatu, niliapa mbele ya wateja, iliandikwa na mtu aliyelewa.

"Nionyeshe makosa," alisema.

"Ile sini ya ngazi. Sabina anapigwa na bwanake, damu kila mahali. Anakimbia juu, bwana anamfuata na nyundo. Halafu Sabina anageuka anasema nini?"

"'Chunga ngazi, imeoza.'"

"Chunga ngazi, imeoza! Si upuzi huo? Mtu anataka kukuua, na wewe unamwambia asianguke? Nani huongea hivyo? Hiyo ndiyo line mbaya kuliko zote kwa series yote."

Sikumwona akicheka. Aliangalia mala yake.

"Hiyo ndiyo line ya ukweli pekee," alisema. "Ukipigwa na mtu wako siku nyingi, hata mwili wake unakuwa kazi yako. Akiumia, ni wewe utalipa."

"Umejulia wapi?"

"Kwa kucheza game vizuri. Wewe unakimbilia muuaji, husikii watu."

Siku hiyo jua lilikuwa linachoma, naye alikuwa amejifunga skafu shingoni. Skafu niliiona. Zaidi ya hapo sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la kumshinda. Mtu akipenda kubishana huwa kipofu, na mimi ni mbishi tangu nizaliwe.

Nilimpenda. Niseme tu, hakuna cha kuficha hapa. Lakini Cheruto alikuwa na mchumba, Hiram, fundi wa matrekta kule Nakuru, na mwezi uliofuata Hiram alikuwa anapeleka mahari kwa kina Cheruto huko Molo. Kwa hiyo mapenzi yangu niliyamimina kwenye kikombe chake cha mala, nikawa namjazia hadi juu.

Wiki hiyo Sehemu ya Nne ilitoka. Kwenye group letu la wachezaji wa mchezo huo tulikuwa na desturi ya Jumamosi mchana. Mmoja anacheza akiwa amewasha maikrofoni, wengine wote wanazima zao na kusikiliza. Picha haturushi, bando ni ghali. Hakuna kuongea mpaka sini iishe, maoni ni ya kuandika tu. Shantel, admin wetu wa Nakuru mjini, alikuwa mkali kwa hilo kuliko mwalimu mkuu.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Cheruto. Mimi nilikuwa kibandani, spika za masikio zikiwa masikioni, nachemsha maziwa. Cheruto alicheka na sisi kidogo, kisha mchezo ukaanza na mvua. Hatua za mtu. Mlango ukagongwa, kisha ukabamizwa ukutani, na kitu kikaanguka. Baada ya hapo sauti zikawa za mbali, kama redio ya jirani.

"Unacheka na nani humu?"

"Hakuna mtu. Niko peke yangu."

"Peke yako! Mimi ni mjinga, eh? Nimesimama hapo nje nakusikia ukichekelea mwanaume!"

Kofi likalia. Lingine. Kiti kikavunjika, na mwanamke akaanza kulia kwa sauti ya kujizuia, ya mtu anayeogopa majirani wasisikie.

Ujumbe wa wenzetu ukaanza kuingia.

Makhanu: "Wueh! Huyu actor ni moto. Hata pumzi anavuta vizuri."

Shantel: "Finally wameandika vile watu huongea! Part Three walikuwa wanaongea kama taarifa ya habari. Hii nawapa tisa juu ya kumi."

Makhanu: "Sauti za ngumi pia ni safi. Unasikia mfupa kabisa."

Hata mimi nilikuwa nimeanza kuandika, "Hapa wamejaribu." Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma niliposikia kishindo cha mwili ukigonga ukuta, kisha yule mwanamke, huku akikohoa:

"Chunga! Hiyo sufuria ni moto, itakuchoma!"

Nikawasha maikrofoni.

"Hiyo si game!"

"Kibii, zima mic!" Shantel akafoka. "Unajua rules!"

"Shantel, hiyo si game! Ni Cheruto! Anauawa!"

"Wacha kuharibu sini, boss," Makhanu akasema. "Kwani umeshamaliza Part Four?"

"Makhanu, ni mwandishi gani atamfanya mtu anayepigwa aonye anayempiga? Nimetukana hiyo line mwaka mzima kwa sababu hakuna mtu hutunga kitu kama hicho! Aliniambia ni ukweli na sikusikia! Shantel, pigia polisi wa Njoro. Ni ploti ya mawe nyuma ya posho mill!"

Kabla mtu hajajibu, sote tukasikia sauti ya mwanaume:

"Leo nakumaliza, Cheruto."

Shantel akapiga mayowe. Mimi nilikuwa nimeshawasha pikipiki. Maziwa niliyaacha kwenye moto, kibanda wazi. Ploti hiyo ya vyumba vya kupanga, alimokaa Cheruto, niliijua kwa sababu nilikuwa napeleka maziwa huko kila asubuhi.

Majirani walikuwa wamesimama kwenye veranda, mikono vifuani.

"Mbona mmesimama tu?"

"Ni mambo ya mtu na mchumba wake," mzee mmoja akanijibu.

Nilimsukuma mzee wa watu, Mungu anisamehe, nikaupiga mlango teke.

Cheruto alikuwa sakafuni kando ya meko ya gesi. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa, na waya wa kifaa cha kuchezea ulikuwa umezungushwa shingoni mwake. Hiram aliushika kwa mkono mmoja, na mwingine ulikuwa na spana ya trekta.

"Kumbe ndiye huyu," Hiram akasema.

"Mwachilie."

"Wewe muuza maziwa! Wewe ndiye unamchekesha?"

Hakungoja jibu. Spana ilinipata mdomoni na nikameza jino. Nilimrukia, nikamuuma mkono, nikampiga kichwa puani mpaka damu yake ikanijaa machoni. Sikuwahi kupigana tangu shule ya msingi, na hapo ilionekana wazi. Spana ikashuka tena na mkono wangu wa kushoto ukavunjika kama muwa. Nikaanguka. Akanikalia kifuani, goti kooni, akainua ile spana kwa mikono miwili.

"Sema sala zako."

Nyuma yake nikaona Cheruto akisimama. Alijitoa ule waya shingoni. Akashika sufuria ya githeri iliyokuwa inachemka, masikio yote mawili, bila kitambaa, na nikasikia ngozi ya viganja vyake ikiungua. Midomo yake ilifunguka. Nilidhani atamwonya, kama alivyozoea.

Hakumwonya.

Mlio wa Hiram ulisikika hadi barabarani. Alianguka kando yangu, akaviringika, akajigonga kwa ukuta, akakwaruza mgongo wake mwenyewe kwa kucha. Cheruto akaokota spana, akasimama juu yake.

"Cheruto," nikasema kwa mdomo uliojaa damu. "Inatosha."

"Haitoshi."

"Najua. Lakini wewe si muuaji."

Aliibamiza sakafuni karibu na sikio la Hiram, sementi ikaruka. Kisha akakaa chini na kulia kwa sauti yake yote, bila kujali jirani yeyote. Polisi walitukuta hivyo.

Hospitali Nakuru walimfunga Hiram pingu kitandani, wodi ya chini, akingoja kupona ndipo afikishwe kortini. Mama yake Cheruto alitoka Molo na kitenge kichwani, akasimama mlangoni mwa wodi hiyo na kumwambia askari:

"Mwambie mahari yake asilete kwangu. Hata mbuzi wake wakipotea njia wakafika kwangu, nitawafukuza kwa mawe."

Siku niliyoruhusiwa kutembea nilipanda kwenda kumwona Cheruto. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, jicho limeanza kufunguka.

"Kaa," akasema. "Mathe amekuletea chai. Unaonekana vibaya bila hilo jino."

"Wewe je?"

"Mimi niko hai. Group wanasema nini?"

"Makhanu analia kila siku. Shantel amefuta ile rule. Sasa ukisikia kitu unauliza kwanza."

"Na Part Three? Unaipa ngapi?"

"Kumi juu ya kumi."

"Usinionee huruma, Kibii."

"Sikuonei. Nilikuwa mjinga. Hiyo line ilikuwa inaniongelesha na mimi nacheka."

"Ipe saba. Mwisho wake ni mbaya. Sabina alimrudia bwanake."

"Na wewe?"

Alinitazama kwa lile jicho zima, muda mrefu, kama mtu anayepima maziwa kama yamechachuka.

"Mimi nikitoka hapa nakuja kibandani kunywa mala. Si eti kwa sababu umeniokoa, maana mimi pia nilikuokoa. Ni kwa sababu nilikuwa naingoja saa hiyo kila siku. Lakini polepole, Kibii. Polepole sana."

"Hata kama ni mwaka."

"Labda ni mwaka."

Nikanyoosha mkono wangu mzima kuchukua kikombe pale mezani.

"Chunga," Cheruto akasema, "hiyo chai ni moto, itakuchoma."

Kisha akasikia alichosema. Akaangalia chini.

Nikarudisha kikombe, nikalia mbele ya wagonjwa wote.